Nani Atamtembeza Mbwa wa Burat?

Ukitaka kuchekwa Isiolo mjini, ingia kibanda cha chai, agiza kikombe, halafu useme kwa sauti kwamba mbwa akipasuliwa goti anahitaji fiziotherapia. Utachekwa mpaka chai ipoe. "Ati fizio ya mbwa? Na watu wenyewe hawapati?" Mwingine atauliza kama mbwa huyo ameshajisajili SHA. Na Nairobi si afadhali. Huko watacheka kwa adabu, wakuulize kama kuna yoga pia.

Mimi ni mtu wa Burat, na nataka kugombana na kicheko hicho. Si kwamba nawapenda mbwa kuliko watu. Ni kwamba kicheko hicho kinaficha uongo tunaouamini wote kuhusu kupona: kwamba kazi yote inafanywa na kisu, na kinachofuata baada ya kisu ni anasa ya wenye pesa. Uongo huo unalemaza mbwa Nairobi na unaua mbwa Burat. Ukiuangalia vizuri, unalemaza watu pia.

Tuanze na Burat, kwa sababu wengi wenu mnaosoma hapa mnajua mbwa wa aina mbili tu: yule wa nyuma ya geti anayekula chakula cha pakiti, na yule koko wa jaa la taka. Kuna wa tatu. Burat ni wadi iliyo kando ya mji wa Isiolo, nchi ya mbuzi, ng'ombe, ngamia na vumbi, wanakoishi Waturkana, Wasamburu, Waborana, Wasomali na Wameru, wakati mwingine kwa amani na wakati mwingine bila. Huku mbwa ni mfanyakazi asiye na mshahara. Asubuhi anatoka na mbuzi, jioni anarudi nao, usiku analala nje ili watoto walale ndani. Fisi akinusa zizi, mbwa ndiye wa kwanza kujua. Wezi wa mifugo wakija saa nane usiku na bunduki, kelele za mbwa ndizo dakika mbili unazopata za kuwaamsha watoto na kukimbilia kichakani. Hapo simsifu mbwa. Nafanya hesabu ya usalama.

Jirani yetu ni hifadhi ya Lewa. Kule wana mbwa wa kunusa, wale wenye masikio marefu wanaoitwa bloodhound, wanaofuata nyayo za majangili na hata za wezi wa mifugo wa vijijini. Hakuna anayewacheka mbwa hao. Wana watu walioajiriwa kuwashughulikia, wana mafunzo na wana mazoezi. Kila mtu anaelewa kwamba mguu wa mbwa yule ni chombo cha kazi. Basi niambieni, mguu wa mbwa wa mchungaji ni nini? Usiku ni uleule na fisi ni yuleyule. Kilichobadilika ni mwajiri.

Sasa goti lenyewe. Ndani ya goti la mbwa kuna kano mbili zinazopishana kama mkasi. Ile ya mbele inazuia mfupa wa muundi usiteleze mbele kila mbwa anapokanyaga. Binadamu huikata kano hiyo uwanjani, akigeuka ghafla na mpira. Mbwa mara nyingi hana ajali kubwa ya kusimulia. Kano yake hulika polepole, uzi baada ya uzi, mpaka siku moja anaruka mtaro mdogo tu nayo inaachia. Wahenga walishasema kamba hukatikia pembamba. Na kwa kuwa ubovu huo mara nyingi hauko goti moja, makadirio ya kawaida ya madaktari ni kwamba kati ya asilimia 40 na 60 ya mbwa waliokatika upande mmoja hukatika na upande wa pili.

Utamjua tu. Anasimama akigusa ardhi kwa ncha za vidole vya mguu wa nyuma. Akikaa, anaunyoosha mguu pembeni badala ya kuukunja. Paja linaanza kusinyaa. Kwetu watu watasema "ameteguka" na watangoja. Mwezi ukipita bila nafuu, hatima yake inaamuliwa kimyakimya: siku boma linapohama, yeye anabaki nyuma.

Tiba inayosifiwa zaidi ni upasuaji. Kuna ule wa kupitisha uzi mnene wa nailoni nje ya kiungo ili ufanye kazi ya kano iliyokatika. Kuna na ule uliobuniwa na Barclay Slocum, daktari wa mifugo wa Oregon, Marekani, aliyeuchapisha mwaka 1993. Hapo sehemu ya juu ya mfupa wa muundi hukatwa kwa msumeno wenye umbo la duara, huzungushwa ili mteremko wake upungue, kisha hufungwa kwa bamba la chuma na skrubu. Ni ufundi wa kuvuliwa kofia. Lakini elewa kinachofanyika: mfupa mzima unakatwa kwa makusudi, na utahitaji wiki 8 hadi 12 kuunga. Daktari anakaa na mbwa huyo saa chache. Hizo wiki zote zinazobaki ni zako.

Ndiyo maana nasema upasuaji ni harusi, mazoezi ndiyo ndoa. Na Wakenya tunajulikana kwa kuchangia harusi.

Rafiki yangu wa Nairobi alifanya mchango, mchango wa kweli, na kundi la WhatsApp na mweka hazina. Mbwa wake akapasuliwa. Siku ya kuruhusiwa alipewa dawa za maumivu, kola ya plastiki ya kumzuia asilambe kidonda, na neno moja: apumzike. Rafiki yangu akatii. Akamfungia mbwa kwenye kibanda miezi miwili. Alipomtoa, mfupa ulikuwa umeunga vizuri kabisa, na mguu haukuwa na kazi. Goti limekakamaa, paja limekuwa kama fimbo, mbwa ameshazoea kutembea kwa miguu mitatu. Kliniki hiyo siitaji kwa sababu tatizo si kliniki moja. Tatizo ni lile neno. "Apumzike" bila ratiba ni sawa na kumpa mtu funguo za gari bila kumwambia breki iko wapi.

Na msiseme haya ni maoni yangu tu. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kufuatilia mbwa 51 waliofanyiwa upasuaji wa kano hii. Kundi moja lilizuiwa mazoezi, kama ilivyokuwa desturi. Kundi la pili lilipewa programu ya kutembea na kuogelea. Baada ya miezi sita, mbwa wa mazoezi walikuwa wakiukanyagia mguu uliopasuliwa kwa nguvu sawa na ule mwingine. Wale wa kupumzishwa walikuwa bado wanauhurumia. Mwaka 2006 utafiti mwingine, safari hii juu ya upasuaji wa Slocum, ulionyesha kwamba fizio iliyoanzwa mapema ilirudisha unene wa paja na mwendo wa goti vizuri zaidi ndani ya wiki sita. Mwaka 2010 Marekani ikaitambua tiba hii kuwa tawi la ubingwa katika udaktari wa mifugo. Kwa hiyo anayecheka leo anacheka kitu ambacho wenzake walishamaliza kubishania.

Ugomvi wangu wa pili ni na wale wanaoijua tiba hii lakini wameivisha suti. Mmeona picha zao mtandaoni: mbwa mnene ndani ya sanduku la kioo, maji ya vuguvugu mpaka tumboni, mkanda unazunguka chini ya miguu, muziki laini. Mashine hiyo ni nzuri, sina neno nayo. Maji hubeba uzito wa mwili, goti linafanya kazi bila kuumia. Lakini ukiitanguliza mashine katika kila mazungumzo, mtu wa Burat anasikia jambo moja tu: hii si yangu. Anaondoka. Na ameondoka bila kuambiwa ukweli, kwamba sehemu kubwa ya tiba hii ni kamba, dakika na subira.

Hebu niiseme kwa lugha ya kwetu, nikichukulia kwamba daktari wa mifugo ameshamwona mbwa na kukubali. Siku za kwanza, funika kidonda kisilowe, weka juu yake kitambaa kilichochovywa maji baridi ya mtungi, dakika kumi, mara kadhaa kwa siku, uvimbe ushuke. Mlaze mbwa ubavu, mkunje na kumkunjua goti polepole bila kulazimisha, mara kumi hadi kumi na tano. Akigeuza kichwa kukuangalia, umefika mwisho, ishia hapo. Kisha matembezi ya dakika tano kwa kamba fupi, mara kadhaa kwa siku. Polepole. Neno hilo ndilo dawa yenyewe: mbwa akienda haraka ataukunja mguu mbovu na kukimbia kwa mitatu, ila akienda polepole sana hana budi kuukanyagia.

Nyuzi zikishatolewa, baada ya siku 10 hadi 14, unaongeza dakika chache kila wiki. Halafu unamfanyisha kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, kama kuruta kwenye gwaride, maana hapo ndipo paja linapojengeka. Baadaye mchanga wa korongo, baadaye kimlima kidogo. Kidonda kikipona kabisa, kutembea kwenye maji yanayofika tumboni ni ile mashine ya Nairobi bila kioo. Mbwa hafi maji akiona ufuko, wanasema, lakini tafadhali usimpeleke Ewaso Nyiro. Mamba hawajui fizio. Na muda wote huo hakuna kuruka, hakuna kukimbizana na mbwa wenzake, hakuna kufunguliwa kamba mpaka daktari aridhike. Kama mfupa ulikatwa, picha ya eksirei ndiyo itakayosema umeunga.

Nimetaja dawa za maumivu, basi niongeze hili hapahapa: usimpe mbwa dawa za maumivu za watu ulizonunua dukani. Ibuprofen na diclofenac zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo. Mbwa wanakufa kwa huruma ya wenyewe.

Hesabuni gharama ya hayo niliyoeleza. Kamba iko, maji ya mtungi yapo, mchanga upo, na kimlima hakuna aliyewahi kukilipia. Kinachokosekana ni mtu wa kusema hivi kwa mwenye mbwa, kwa lugha anayoielewa.

Na hapa ndipo suala linapouma zaidi, kwa sababu mbwa wengi wa Burat hawatafika kwenye meza ya upasuaji. Nairobi ni kama kilomita 270. Jaribu kupanda matatu na mbwa anayechechemea uone utakavyoangaliwa. Bili yenyewe inaweza kumeza mbuzi kadhaa, na hakuna mfugaji mwenye akili atakayeuza mbuzi ili kumtibu mlinzi wa mbuzi. Je, mbwa huyo basi? Hapana. Mwaka 1984 mtafiti mmoja, Vasseur, alichapisha habari za mbwa 85 wa ugonjwa huu ambao hawakupasuliwa. Kati ya wale wa chini ya kilo 15, zaidi ya asilimia 80 walikuwa wazima au wamepata nafuu baada ya miezi sita. Kati ya wale wazito zaidi ni kama asilimia 19 tu. Mbwa wa maboma yetu si wanene, na wengine hawako mbali na mpaka huo wa kilo 15. Mwaka 2013 ukaja utafiti juu ya mbwa wanene, wote wakipewa fizio na kupunguzwa uzito, nusu yao kwa kisu na nusu bila. Baada ya mwaka, mafanikio yalikuwa asilimia 75 kwa waliopasuliwa na karibu 64 kwa ambao hawakupasuliwa.

Kisu kinashinda, na sikipingi. Goti lisilopasuliwa hubaki legevu na maumivu ya viungo huja uzeeni. Lakini kati ya kisu na kutelekezwa kuna barabara ndefu, na barabara hiyo inaitwa fizio. Sisi tumeifunga kwa kicheko.

Nimeiona ikipitika. Binti ya mjomba wangu, yuko Gredi ya Saba, alimtembeza mbwa wao kwa kamba ya mbuzi kila asubuhi kabla ya shule na kila jioni, wiki 12, kwa maelekezo ya daktari wa mifugo ambayo nilimtumia kwa sauti kwenye simu ya mama yake. Alichekwa na kijiji kizima. Wavulana walimwita daktari wa mbwa, na hawakuwa wanamsifu. Asubuhi za baridi mbwa huyo bado anachechemea, sitaki kuwadanganya. Lakini anatoka na mbuzi, na usiku anabweka.

Najua majibu mtakayonipa. La kwanza ni kwamba watu watangulie. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni mbili nchini, watu wa kaskazini walilala njaa, na mimi naongea magoti ya mbwa? Ndiyo, naongea. Kamba ya mbwa haichukui kitanda cha mgonjwa yeyote. Na aliyebakiwa na mbuzi saba baada ya ukame ule anamhitaji mlinzi kuliko mwenye sabini.

La pili ni kwamba kichaa cha mbwa kitangulie. Nakubali asilimia mia. Kenya ina mpango wa kumaliza vifo vya kichaa cha mbwa kati ya mwaka 2014 na 2030, na hakuna jambo la mbwa lililo muhimu kuliko chanjo hiyo. Lakini siku ya chanjo mwenye mbwa na mtaalamu wanasimama pamoja chini ya mti mmoja. Dakika kumi za kumwonyesha jinsi ya kumtembeza mbwa aliyeumia goti hazipunguzi chanjo hata tone. Tena aliyemwuguza mbwa wake wiki 12 hatakosa kumleta mwaka ujao.

La tatu ni la dini, na Isiolo haliepukiki. Naliheshimu. Lakini mafundisho ya Kiislamu yanamruhusu mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwinda, na Sura ya Pango inamtaja mbwa wa wale vijana kwenye kizingiti chao. Hakuna anayekuambia umlaze kitandani. Unaambiwa usimtupe mfanyakazi aliyeumia kazini.

Na la nne, lile la kimyakimya: si utafute mbwa mwingine? Mbwa wapo wengi, kweli. Mbwa anayewajua mbuzi wako mmoja mmoja, anayejua mgeni wa mchana na mgeni wa usiku, huchukua muda mrefu kupatikana. Uliza mchungaji yeyote.

Nilisema uongo huu unalemaza watu pia. Mwaka 2014 nchi hii ilipata sheria ya wataalamu wa fiziotherapia, na baraza lao la kuwasimamia. Hatua nzuri. Lakini nenda kijiwe chochote cha boda, utafute kijana aliyevunjika mguu, akafungwa plasta, akatolewa plasta, akaambiwa amepona. Muulize nani alimfundisha kutembea tena. Tunaocheka fizio ya mbwa ndio haohao tunaodhani fizio ya mtu ni ya wachezaji mpira na wakimbiaji wa Iten. Tumefundishwa kumshukuru aliyeshika kisu, na kumsahau aliyeshika mkono.

Kwa hiyo nadai, siombi. Daktari yeyote wa mifugo anayepasua goti la mbwa ampe mwenye mbwa ratiba ya wiki 12 kwa Kiswahili, wiki baada ya wiki, kabla ya kupokea malipo ya mwisho. Asiyejua kusoma arekodiwe sauti kwa lugha yake. Kabete, wanakofunzwa madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanafunzi asihitimu bila kujua kumwonyesha mchungaji, kwa mikono yake mwenyewe, namna ya kukunja na kukunjua goti la mbwa. Maafisa wa mifugo wa kaunti ya Isiolo wabebe somo hilo pamoja na kisanduku cha chanjo. Na nyinyi wa Nairobi mnaochangia kisu, mkimaliza kuchangia, gawaneni zamu za kutembeza. Mweka hazina mnaye tayari, chagueni na mtembezaji.

Kamba fupi, dakika tano, polepole. Anayetaka kucheka acheke, mradi ameshika kamba.